Safari ya Kaskazini: Katika Nchi Iliyokuwa Jimbo la Atlin

Jumatatu, kutoka Terrace hadi Gitlaxt'aamiks

Jimbo la uchaguzi la Atlin halimo tena katika orodha ya majimbo ya bunge la British Columbia, mkoa wa magharibi kabisa wa Kanada. Lilichagua mbunge wake wa kwanza mwaka 1903, katika uchaguzi wa kwanza mkoani humo kuendeshwa kwa misingi ya vyama, na lilichagua wa mwisho mwaka 1986. Kati ya miaka hiyo mipaka yake ilisogezwa mara kadhaa, lakini katika miongo yake ya mwisho lilianzia bonde la mto Nass, karibu na Bahari ya Pasifiki, likapanda kaskazini hadi mpaka wa Yukon. Lilikuwa na eneo la kutosha nchi nzima, na watu wa kujaza uwanja mdogo wa mpira. Nimekuja kulipita lote kwa barabara, kutoka kusini hadi mji uliolipa jina, kwa sababu naamini kwamba ndani ya jimbo hili dogo kwa watu imo sehemu kubwa ya historia ya haki ya kura na haki ya ardhi katika Kanada.

Dereva ni shemeji yangu, mkazi wa Terrace, ambaye ameishi kaskazini hii muda wa kutosha kujua mahali petroli inapopatikana na mahali isipopatikana. Tuliondoka saa moja asubuhi kwa Barabara Kuu namba 113. Namba hiyo haikutokana na mpangilio wa kawaida wa barabara. Mwaka 1887 machifu wa watu wa Nisga'a, wenyeji wa asili wa bonde la Nass, walisafiri kwa maji hadi Victoria, makao makuu ya mkoa, kudai ardhi yao itambuliwe, na waziri mkuu wa wakati ule, William Smithe, akawakatalia. Mkataba uliowarejeshea sehemu ya ardhi hiyo ulianza kutumika mwaka 2000. Barabara imepewa idadi ya miaka waliyongoja.

Baada ya Ziwa Lava misitu inakatika ghafla na nchi inakuwa nyeusi. Huu ni uwanda wa lava iliyomwagika kutoka mlima wa Tseax katika karne ya 18 au mwishoni mwa ile ya 17, na kwa masimulizi ya wazee wa Nisga'a vijiji vilifunikwa na watu wapatao 2,000 wakafa. Masimulizi hayohayo yanaeleza chanzo chake: watoto walikuwa wakitesa samaki aina ya samoni mtoni, na wakubwa walipowaonya hawakusikia. Nilishuka garini nikainama. Mawe yamefunikwa na ukoga mzito wa rangi ya majivu, laini chini ya kiganja kama sufi, na penye ufa mtu anaona jiwe lenyewe, jeusi na lenye matundu matundu. Vibao vinaomba wageni wasiukanyage ukoga huo kwa kuwa huchukua miaka mingi mno kuota. Eneo zima ni hifadhi tangu 1992, na linasimamiwa na mkoa pamoja na Wanisga'a wenyewe.

Tumelala Gitlaxt'aamiks, ambako ndiko makao ya serikali ya Nisga'a Lisims na bunge lake, Wilp Si'ayuukhl Nisga'a. Mzee mmoja aliyetukuta tukiliangalia jengo hilo kwa nje alitaka kujua tumetoka wapi. Alipoelezwa kwamba lengo la safari ni jimbo la Atlin, alisema kwamba vijana wa kijiji hawalijui jina hilo, lakini yeye alipiga kura yake ya kwanza ndani yake, na aliyempigia hakumhitaji mkalimani.

Jumanne, Laxgalts'ap na Gingolx

Aliyekuwa akimzungumzia ni Frank Arthur Calder, na siku ya leo ni yake.

Calder alizaliwa tarehe 3 Agosti 1915 katika Nass Harbour, karibu na mlango wa mto, akalelewa na Chifu Arthur Calder na mkewe Louisa. Inasimuliwa kwamba akiwa mtoto mdogo sana alipelekwa kwenye mkutano wa wazee waliokuwa wakilijadili suala la ardhi, suala walilokuwa wakiliita mlima usiosogea. Baba yake akampandisha juu ya meza na kutangaza kwamba atampeleka mtoto huyu kusoma kwa wazungu, ajifunze namna yao ya kula, ya kusema na ya kufikiri, na ndiye atakayeusogeza ule mlima. Akapelekwa kweli, kwanza katika shule ya bweni ya Coqualeetza, mamia ya kilomita kusini, kisha katika chuo cha theolojia cha Kianglikana kwenye Chuo Kikuu cha British Columbia, alikohitimu mwaka 1946.

Ili msomaji aelewe uzito wa kilichofuata, ni lazima kwanza ajue hali ya kisheria ya watu hawa. Mara tu baada ya British Columbia kujiunga na Kanada mwaka 1871, bunge la mkoa liliwanyima kura wenyeji wa asili pamoja na Wachina. Wajapani waliongezwa katika orodha ya walionyimwa mwaka 1895. Kwa hiyo jimbo la Atlin lilipoundwa, mipaka yake ilizungushwa juu ya nchi za Wanisga'a, Watahltan, Wakaska na Watlingit wa mto Taku, watu waliokuwamo humo tangu enzi, na hakuna hata mmoja wao aliyeruhusiwa kumchagua mbunge wa nchi hizo. Mwaka 1913 Wanisga'a walipeleka ombi lao la ardhi London kwa Baraza la Ushauri la Mfalme, na halikuwafikisha popote. Mwaka 1927 Bunge la Kanada likapiga marufuku kuchangisha fedha au kumlipa wakili kwa ajili ya madai ya ardhi ya wenyeji, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1951. Walikuwa wamefungiwa sanduku la kura na mahakama kwa wakati mmoja.

Mwaka 1949 mkoa uliwarudishia wenyeji haki ya kupiga kura, na katika uchaguzi wa Juni mwaka huohuo Calder, akigombea kwa tiketi ya CCF (Co-operative Commonwealth Federation), chama cha mrengo wa kushoto kilichokuja kuzaa NDP (New Democratic Party) ya leo, alishinda Atlin. Alikuwa mtu wa kwanza aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Wahindi ya Kanada (jina ambalo sheria hiyo iliwapa wenyeji wa asili) kuchaguliwa katika bunge lolote la nchi hiyo. Nimelifikiria sana jambo hili: watu ambao mwaka uliotangulia sheria haikuwahesabu kuwa wapiga kura walipata mbunge katika nafasi yao ya kwanza. Kura za serikali kuu ya Kanada walikuwa bado hawajapewa; hizo walizingoja hadi 1960.

Asubuhi tulisimama Laxgalts'ap kuingia katika makumbusho ya Nisga'a, yaliyofunguliwa mwaka 2011. Humo imesimama nguzo ya kuchongwa ya Ni'isjoohl, yenye urefu wa mita 11 hivi, iliyochongwa katika karne ya 19 kumkumbuka shujaa mmoja wa ukoo. Mwaka 1929 mtafiti Marius Barbeau aliiondoa bondeni ikauzwa kwa makumbusho ya Edinburgh, Uskoti, na mwaka 2023 imerejeshwa. Nilisogea karibu kadiri nilivyoruhusiwa. Mti wa mwerezi umepasuka kwa urefu wake na macho ya sura zilizochongwa yamebaki na mkato safi, ambao ni wazi kwamba mkono wa mchongaji haukusita. Mtu akiitazama akiwa na tarehe kichwani anatambua kwamba ilipochukuliwa, wenyewe walikuwa hawana mbunge wa kumlalamikia wala ruhusa ya kumchangia wakili.

Gingolx iko mwisho wa barabara, pale Nass inapoingia baharini. Barabara yenyewe ni ya miaka ya hivi karibuni. Kabla ya hapo mgombea aliyetaka kura za hapa alikuja kwa mashua au kwa ndege ndogo ya kutua majini. Tulikaribishwa samaki, na pembeni bakuli dogo la mafuta ya saak, samaki wadogo wembamba wanaopanda mto mwishoni mwa majira ya baridi. Mafuta yake ni meupe yakipoa na yana harufu kali. Shemeji aliyapaka juu ya viazi kama aliyeyazoea. Njia za biashara za kale zilizotoka bonde hili kwenda bara zilifuata mafuta haya.

Calder alishindwa mwaka 1956, akarudi bungeni 1960, akakaa hadi 1979. Katikati ya hayo alianzisha Baraza la Kikabila la Nisga'a mwaka 1955 na kuliongoza kwa karibu miaka 20. Kwa niaba ya baraza hilo, mwaka 1967, ilifunguliwa kesi dhidi ya mkoa, ikiitaka mahakama itamke kwamba haki ya Wanisga'a juu ya ardhi yao haikuwahi kufutwa kisheria. Wakili wao alikuwa Thomas Berger. Walishindwa katika mahakama ya kwanza, wakashindwa katika rufaa, na tarehe 31 Januari 1973 Mahakama ya Juu ya Kanada ikatoa hukumu ya ajabu: majaji sita kati ya saba walikubali kwamba haki ya wenyeji juu ya ardhi ilikuwapo kisheria kabla ya wakoloni, watatu wakasema ilikwisha kufutwa, watatu wakasema ingali hai, na wa saba akawaangusha walalamikaji kwa sababu ya utaratibu tu, kwamba hawakupata kibali cha kuishtaki serikali ya mkoa. Kwa karatasi walishindwa. Lakini serikali ya Waziri Mkuu Pierre Trudeau ilielewa hukumu ilichosema, na mwaka 1976 ikaanza kuzungumza na Wanisga'a.

Ipo hoja hapa ambayo sioni ikitiliwa mkazo wa kutosha. Siku hukumu hiyo inasomwa, mlalamikaji alikuwa pia mbunge wa Atlin na waziri asiye na wizara maalumu katika serikali ya mkoa ya Dave Barrett wa NDP, mtu wa kwanza aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Wahindi kuwa waziri popote Kanada. Uwaziri aliuondolewa mwaka huohuo wa 1973, na mwaka 1975 akahamia chama pinzani cha Social Credit, wapiga kura wa Atlin wakamrudisha tena. Wapo waliomlaumu kwa kuhama. Mimi naona kwamba wapiga kura wake walikuwa wakimchagua mtu na hoja, na chama kilikuwa chombo cha kumfikisha Victoria.

Jumatano, Stewart

Tuliliacha bonde la Nass kwa njia ya changarawe inayotoka Gitlaxt'aamiks kwenda kuungana na Barabara Kuu namba 37, magari yote ya mbele yakiwa ni malori ya magogo. Pale Meziadin tukakunja kushoto kuelekea Stewart, kilomita 65, tukipita chini ya Mto wa Barafu wa Bear ambao rangi yake ni ya buluu ya ndani kabisa hata siku ya mawingu.

Stewart iko kwenye kichwa cha Mfereji wa Portland, mkono mrefu wa bahari unaotenganisha Kanada na Alaska. Hapa tunaingia katika upande wa pili wa jimbo, Atlin ya wachimbaji. Mji wenyewe ulivuma kwa dhahabu na fedha kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kusini zaidi, mahali ambapo mpaka leo hapafikiki kwa gari, ulikuwapo mji wa Anyox, uliojengwa na kampuni ya shaba ya Granby na kuanza kuyeyusha shaba mwaka 1914. Ulikuwa na tanuri kubwa, reli, hospitali na maelfu ya watu, ukaonja mgomo mkali wa wafanyakazi mwaka 1933, na mwaka 1935 kampuni ikaufunga. Kura za Anyox zilikwisha siku mgodi ulipokwisha. Ndivyo jimbo hili lilivyoishi: daftari la wapiga kura lilipanda na kushuka kwa bei ya madini, na mbunge aliyeshinda kwa kura za mji fulani aliweza kufika uchaguzi uliofuata akakuta mji haupo.

Tulipita Hyder, upande wa Marekani, kuiangalia barabara inayopanda kwenye mgodi wa zamani wa Granduc. Tarehe 18 Februari 1965 theluji iliporomoka juu ya kambi ya mgodi huo ikawaua wanaume 26. Mama mmoja wa Stewart, aliyekuwa msichana mdogo wakati huo, alituambia kwamba anachokumbuka ni sauti za ndege na boti zikija bila kukoma, na watu wazima kutowajibu watoto.

Alhamisi, hadi Dease Lake

Siku ya gari tu. Barabara namba 37, yenye zaidi ya kilomita 700 kutoka Kitwanga hadi Yukon, ilikamilika mwaka 1972. Kabla ya hapo kusini na kaskazini ya jimbo hazikuunganishwa na barabara ndani ya mkoa wao wenyewe. Shemeji aliniuliza kampeni zilifanywaje. Kwa ndege ndogo, kwa boti na kwa barua, nikamjibu, na kwa kukubali kwamba baadhi ya wapiga kura hutawaona kamwe. Tuliona dubu weusi wakila majani kando ya lami karibu na Bell II, na jioni tukafika Dease Lake.

Ijumaa, Telegraph Creek

Njia ya kwenda Telegraph Creek ina kilomita 113 hivi, karibu yote changarawe, na mahali pengine inashuka kwa mwinamo mkali juu ya korongo la mto Stikine bila ukingo wowote. Shemeji alinyamaza kwa saa moja nzima. Kandokando bado yamesimama magogo meusi ya moto wa Agosti 2018, uliounguza nyumba nyingi za wenyeji na kuwahamisha wakazi wote.

Hii ni nchi ya Watahltan. Tarehe 18 Oktoba 1910 machifu wao walikutana Telegraph Creek wakatoa tamko lililoandikwa, ambalo hadi leo ndilo msingi wa siasa zao: kwamba nchi yote ya kabila lao ni yao, waliirithi kwa mababu walioilinda kwa kumwaga damu yao wenyewe dhidi ya makabila mengine, hawakuwahi kufanya mapatano na serikali ya mkoa wala kuipa haki ya kuimiliki, na wanataka suala hilo limalizwe kwa mkataba.

Ni vyema kumweka mtu mmoja kando ya tamko hilo. Mbunge wa Atlin mwaka 1910 alikuwa Dk. Henry Esson Young, tabibu aliyekuja mji wa Atlin wakati wa dhahabu na kulishika jimbo kwa Chama cha Conservative tangu 1903. Hakuwa mbunge wa kawaida. Kuanzia 1907 alikuwa waziri wa elimu na katibu wa mkoa katika serikali ya Richard McBride, na sheria aliyoipeleka bungeni mwaka 1908 ndiyo iliyoanzisha Chuo Kikuu cha British Columbia, kiasi kwamba anaitwa baba wa chuo hicho. Baadaye aliongoza idara ya afya ya umma kwa zaidi ya miaka 20. Kwa kipimo chochote alikuwa mtumishi mkubwa. Lakini Watahltan waliotia sahihi tamko walikuwa wakazi wa jimbo lake bila kuwa wapiga kura wake, na serikali aliyokuwamo ilikataa katakata kwamba kuna suala la ardhi la kujadiliwa. Simhukumu kwa kipimo cha leo tu. Naangalia mfumo uliomwezesha mtu mwenye bidii na akili kama yake kufanya kazi miaka yote hiyo bila kuhitaji kuwasikiliza. Mwaka huohuo wa 1910, huko kusini, kamati ilikuwa ikichagua mahali pa kujenga chuo.

Mtoni tuliwakuta watu wa familia moja wakisafisha samoni. Kisu kinapita mgongoni mara moja, mnofu unafunguliwa kama kitabu, unachanjwa mistari myembamba na kutundikwa mbichi juu ya vijiti ndani ya kibanda cha moshi. Kijana aliyekuwa akikata hakuinua macho tulipomwuliza maswali, ila majibu yake yalikuwa kamili.

Jumamosi, Cassiar

Kaskazini ya Dease Lake tulifuata nchi ya dhahabu ya miaka ya 1870. Kijito cha McDame kimeitwa kwa jina la Henry McDame, mtu mweusi mzaliwa wa Bahamas, aliyepata dhahabu hapa mwaka 1874. Na katika kijito hicho, mwaka 1877, liliokotwa pande moja la dhahabu lenye uzito wa wakia 72. Nimefurahi kuliona jina lake kwenye ramani, mbali kiasi hiki na bahari yoyote ya joto.

Mji wa Cassiar ulichimba asbesto tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 na ulifungwa mwaka 1992, baada ya dunia kukubali kwamba nyuzi zake huharibu mapafu na soko kupotea. Nyumba ziliuzwa kwa mnada zikabebwa. Kinachoonekana kutoka mbali ni kilima cha kijani kibichi cha mabaki ya mgodi. Kwa miongo minne hii ndiyo ilikuwa moja ya ngome za kura za Atlin, wafanyakazi wenye chama cha wafanyakazi na mishahara ya kila mwezi, tofauti kabisa na wavuvi wa Nass. Na kila mgombea alilazimika kuzungumza na pande zote mbili.

Hapa nizungumzie uchaguzi wa tarehe 10 Mei 1979. Calder, akiwa Social Credit, alikabiliwa na Al Passarell wa NDP. Kura zilipokwisha kuhesabiwa na kuhakikiwa, Calder alikuwa ameshindwa kwa kura moja. Miaka 30 baada ya watu wake kupewa kura, na baada ya kulishika jimbo kwa vipindi vilivyofikia miaka 26, mtu aliyebadili mwelekeo wa sheria ya ardhi ya Kanada alitolewa bungeni na mpiga kura mmoja asiyejulikana. Passarell alifariki katika ajali ya ndege mwaka 1986, na uchaguzi wa mwaka huo ukamwingiza Larry Guno, mwanasheria wa Kinisga'a na mbunge wa mwisho wa Atlin.

Jumapili, kupitia Yukon

Ili kuufikia mji wa Atlin, ulio British Columbia, ni lazima kutoka kwanza British Columbia. Tulivuka mpaka wa Yukon, tukashika Barabara Kuu ya Alaska, iliyofunguliwa mwaka 1942 na vikosi vya wahandisi wa Jeshi la Marekani, kadhaa vikiwa vya askari weusi waliofanya kazi katika baridi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Pale Jake's Corner tukakata kusini, tukaurudia mkoa tulioutoka asubuhi. Barabara hii fupi, chini kidogo ya kilomita 100, imeunganisha Atlin na dunia tangu miaka ya 1950 hivi. Wakati wa Dk. Young mbunge aliyetoka Victoria alipanda meli hadi Skagway, Alaska, akapanda treni kuvuka milima, akapanda mashua kwenye ziwa la Tagish, akapanda kitreni kidogo cha Taku kuvuka kipande cha nchi kavu, kisha mashua nyingine hadi mjini.

Jumatatu, Atlin

Mji ulianza kwa dhahabu ya Pine Creek mwaka 1898, iliyopatikana na Fritz Miller na Kenneth McLaren, na kwa miaka michache ulikuwa na maelfu ya watu. Leo ni mamia. Ziwa lililo mbele yake ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya asili ya mkoa, na meli ya Tarahne ya mwaka 1917 imewekwa ufukweni ikipakwa rangi na watu wanaojitolea. Watlingit wa mto Taku, wenye nchi hii, ni jirani na wakazi. Madai yao dhidi ya barabara ya mgodi wa Tulsequah Chief yalifika Mahakama ya Juu mwaka 2004, na ingawa safari hiyo hawakushinda, hukumu ilithibitisha kwamba serikali ina wajibu wa kushauriana na wenyeji kabla ya kuamua juu ya ardhi wanayoidai.

Nimetumia asubuhi kutembea kati ya nyumba za mbao na kufikiria jinsi jimbo lilivyokufa. Mwaka 1989, katika kesi ya Dixon, Jaji Beverley McLachlin wa Mahakama Kuu ya mkoa, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kanada, aliamua kwamba mipaka ya majimbo ya British Columbia ilivunja haki ya kura iliyomo katika Katiba. Mfano ulio wazi kuliko yote ulikuwa Atlin: lilikuwa na wapiga kura walioandikishwa takriban 2,400, wakati Coquitlam-Moody, kando ya Vancouver, lilikuwa na zaidi ya 36,000, na yote mawili yalituma mbunge mmoja mmoja. Kura ya mtu wa hapa ilikuwa na uzito wa mara 15 ya kura ya mtu wa kule. Jaji hakutaka usawa wa hesabu kamili. Alikubali kwamba umbali na jiografia vinaweza kuhalalisha tofauti, ila tofauti yenye sababu. Tume ya mipaka ya majimbo, iliyoongozwa na Jaji Thomas Fisher, ilikwisha kupendekeza majimbo 75 yenye mbunge mmoja, kila moja lisipungue wala kuzidi wastani kwa zaidi ya asilimia 25, na ndiyo ramani iliyotumika mwaka 1991.

Kwa sheria, hukumu ilikuwa sahihi, na sidhani kuna anayeweza kuitetea tofauti ya mara 15. Ninachokidai mimi ni kwamba hesabu ya Atlin ianzie mbali zaidi. Kuanzia 1903 hadi 1949, miaka 46, kulikuwa na watu ndani ya jimbo hili ambao uzito wa kura yao ulikuwa sifuri, na hakuna mahakama iliyoombwa kulipima pengo hilo wala tume iliyopendekeza asilimia yake. Uzito mkubwa wa kura ya Atlin, ambao baadaye ulionekana kuwa kasoro, ndio uliowapa wenyeji nafasi ya kumchagua mmoja wao. Kama mwaka 1949 bonde la Nass lingeunganishwa na miji mikubwa ya kusini kwa ajili ya usawa wa idadi, Frank Calder asingeingia bungeni mwaka huo.

Jimbo lililorithi eneo hili liliitwa Bulkley Valley-Stikine, baadaye Stikine tu, na tangu uchaguzi wa 2024 limerudia jina la kwanza. Nguvu ya kura ilihamia miji ya bonde la Bulkley, kama Smithers, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka hapa kwa barabara. Mama mwenye duka tulikonunua mkate alisema kwamba akiwa na shida na serikali hupiga simu, na kwamba mbunge humwona kwenye mtandao zaidi ya kumwona mlangoni.

Calder alifariki Victoria tarehe 4 Novemba 2006, akiwa na umri wa miaka 91, baada ya kuuona mkataba wa Nisga'a ukianza kutumika tarehe 11 Mei 2000. Uliwapa watu wake umiliki wa kilomita za mraba karibu 2,000 na serikali yao wenyewe. Ni chini ya sehemu moja ya kumi ya nchi waliyoidai, na wapo Wanisga'a ambao mpaka leo wanaona bei ilikuwa kubwa mno. Serikali ya mkoa, iliyokuwa imekataa kukaa katika mazungumzo hayo tangu yaanze, ilikubali kuingia mwaka 1990. Mwaka uliofuata Atlin haikuwamo tena kwenye karatasi za kura.